Nani Mbele, Nani Nyuma? Jinsi Kompyuta Inavyopanga Orodha



Orodha nyingi zinazogusa nyumba zetu siku hizi hupangwa na kompyuta. Majina ya watoto waliopata nafasi ya shule, majina ya wakulima wa chama cha ushirika, majina ya wagonjwa wanaongoja zamu yao: yote huingizwa katika mashine, kisha hutoka karatasi iliyopangwa vizuri toka wa kwanza hata wa mwisho. Na mtu akiona jina lake limeangukia chini, akauliza sababu, mara nyingi hujibiwa, "Ndivyo kompyuta ilivyopanga."

Jibu hilo halitoshi. Kompyuta haina shauri lake yenyewe. Haijui nani anastahili kutangulia na nani angoje. Yafuata kanuni iliyopewa na mtu, neno kwa neno, wala haipunguzi wala haizidishi. Basi aliyeandika kanuni ndiye aliyeamua nani awe mbele, nasi tunayo haki ya kuuliza kanuni yenyewe ni ipi.

Juma hili tuangalie kazi hiyo hufanywaje. Si jambo la wataalamu peke yao. Mama aliyezoea kuchagua mbegu, na karani wa ushirika aliyezoea daftari lake, wote wawili waweza kuielewa. Tena vijana wetu wanaosomea kuandika programu, yaani maagizo ya kompyuta, watafurahi wakirudi likizo na kuona wazazi wao wanajua kazi yao ni nini.

KOMPYUTA YAJUA NINI?

Kompyuta yajua kwamba 7 ni ndogo kuliko 9. Yajua pia kwamba herufi A hutangulia herufi B. Ukiipa namba tupu, au maneno matupu, itayapanga mara moja bila kukuuliza kitu.

Lakini mtu si namba, wala si neno. Mtoto wa shule ana jina lake, ana mwaka wa kuzaliwa, ana alama za mtihani, ana kijiji chake. Mwandishi wa programu huyakusanya mambo hayo pamoja kama kadi moja, na kadi ya namna hiyo huipa jina, tuseme "Mwanafunzi". Kila jambo lililoandikwa ndani ya kadi tuliite sehemu. Kadi hii ni kitu alichokibuni mwandishi mwenyewe. Mashine haikutoka kiwandani ikiijua. Kwa hiyo ukiiambia, "Nipangie wanafunzi hawa," bila kusema zaidi, lugha nyingi za programu zitakataa na kukurudishia neno la kosa.

Nayo haki yake. Ukimwambia mtoto, "Panga vyombo hivi," naye ni mwenye akili, atakuuliza: "Kwa ukubwa, au kwa rangi, au kwa kazi yake?" Vivyo hivyo mashine yangoja kuambiwa.

KANUNI YA KADI MBILI

Kanuni inayotakiwa si ndefu. Haihitaji kueleza orodha nzima. Yatosha kueleza kadi mbili tu: nikiwa na kadi hii mkononi mwa kuume, na ile mkononi mwa kushoto, ipi itangulie? Majibu ni matatu tu: ya kuume itangulie, au ya kushoto itangulie, au zote mbili ni sawa. Kompyuta ikishajua kujibu swali hilo kwa kadi mbili zozote, itapanga hata kadi elfu mia.

Sasa, kama ni sehemu moja tu inayotazamwa, kazi ni nyepesi. Shida huja pale wengi wanapolingana. Watoto watatu wamepata alama 78. Nani atangulie? Hapo ndipo tunahitaji sehemu ya pili, na pengine ya tatu. Kanuni yake ni hii: linganisha sehemu ya kwanza, zikitofautiana, basi, umekwisha, usitazame mbele tena. Zikiwa sawa, hapo tu ndipo utazame sehemu ya pili. Nazo zikiwa sawa, tazama ya tatu.

Kila aliyefungua kamusi ameiona kanuni hii. Neno "kata" na neno "kazi" yana herufi ya kwanza sawa, na ya pili sawa. Basi twatazama ya tatu: T hutangulia Z, kwa hiyo "kata" hukaa mbele. Herufi ya nne hatukuigusa kabisa, kwa kuwa jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Tuchukue mfano wa watoto watano, majina ya kutungwa tu. Rosa amepata 78, alizaliwa mwaka 2012. Petro amepata 81, alizaliwa 2011. Yohana amepata 78, alizaliwa 2011. Agnesi amepata 81, alizaliwa 2012. Maria amepata 78, alizaliwa 2012.

Kanuni tuseme ni hii: mwenye alama nyingi atangulie, wakilingana, aliyezaliwa mapema atangulie, wakilingana tena, tufuate jina kwa herufi. Orodha itakuwa hivi:

1. Petro, 81, 2011
2. Agnesi, 81, 2012
3. Yohana, 78, 2011
4. Maria, 78, 2012
5. Rosa, 78, 2012

Angalieni sehemu moja ilivyopangwa kutoka juu kwenda chini, yaani alama kubwa kwanza, na nyingine kutoka chini kwenda juu, yaani mwaka mdogo kwanza. Hayo yaruhusiwa. Kila sehemu ina njia yake, mradi iandikwe wazi.

Sasa tubadili neno moja tu. Tuanze na mwaka wa kuzaliwa, kisha alama, kisha jina. Watoto ni wale wale, alama ni zile zile, hakuna aliyedanganya. Lakini orodha sasa yasema: Petro, Yohana, Agnesi, Maria, Rosa. Yohana amempita Agnesi. Na kama nafasi za bweni zilikuwa 2 tu, Agnesi aliyekuwa ndani sasa yuko nje. Mashine haikukosa mara ya kwanza, wala haikukosa mara ya pili. Kilichobadilika ni shauri la watu: kipi kitazamwe kwanza.

KUUNGANISHA MAKUNDI MAWILI

Labda utauliza: kompyuta ikiwa na kadi 1,000, yalinganisha kila kadi na kila nyingine? Ingefanya hivyo ingelazimika kulinganisha mara 499,500. Lakini iko njia ya werevu zaidi. Bwana John von Neumann, bingwa wa hesabu mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Marekani, aliiandika mwaka 1945, zamani za kompyuta za kwanza.

Fikirini makundi mawili ya watoto, kila kundi limekwisha kujipanga mstari kwa kimo, mfupi mbele. Mnataka kufanya mstari mmoja. Hakuna haja ya kuwavuruga wote. Mwatazama wawili walio mbele tu, mmoja wa mstari huu na mmoja wa ule. Aliye mfupi anatoka na kuingia mstari mpya. Kisha mwatazama tena wawili walio mbele. Mkiendelea hivyo, mistari miwili huwa mmoja, nao umepangika. Kompyuta huanza na kadi moja moja, ikaziunganisha kuwa mbili mbili, kisha nne nne, kisha nane nane, hata zote zikawa mstari mmoja. Kwa njia hiyo kadi 1,000 zahitaji kulinganishwa mara zisizofika 10,000.

NJIA YA PILI: KUANZA NYUMA

Iko njia nyingine ya kupanga kwa sehemu nyingi, nayo huwashangaza watu, kwa kuwa huanza na sehemu ya mwisho. Njia hiyo ilitumiwa sana zamani za kadi za matundu.

Bwana Herman Hollerith, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1860, alitengeneza mashine ya kuhesabu kadi za karatasi zilizotobolewa. Mashine zake zilitumika katika hesabu ya watu wa Marekani mwaka 1890, walipohesabiwa watu zaidi ya milioni 62. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na tangu 1924 ikaitwa IBM. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilianza kutumia kadi yenye safu 80, na kila safu yaweza kubeba tarakimu moja.

Mashine ya kuchambua kadi hizo ilisoma safu moja tu kwa mara moja, ikaziangusha kadi katika mifuko yake: tundu la 0 mfuko huu, tundu la 1 mfuko ule, na kuendelea. Basi kama namba ina tarakimu mbili, karani angepangaje? Alianza na tarakimu ya mwisho, akakusanya kadi zote kwa taratibu bila kuzichanganya, kisha akazipitisha tena kwa tarakimu ya kwanza.

Jaribuni nyumbani na watoto jioni hii. Andikeni kwenye vipande vya karatasi namba 32, 17, 35 na 12. Kwanza zipangeni kwa tarakimu ya mwisho tu. Zenye 2 ni 32 na 12. Yenye 5 ni 35. Yenye 7 ni 17. Basi mpango wenu ni 32, 12, 35, 17. Sasa zipangeni kwa tarakimu ya kwanza, lakini zile zinazolingana msizibadilishe zamu. Zenye 1 ni 12, kisha 17. Zenye 3 ni 32, kisha 35. Tazameni: 12, 17, 32, 35. Zote zimekaa mahali pake.

Siri ya njia hii ni sharti moja: wanaolingana wasivurugwe zamu waliyokuja nayo. Njia ya kuunganisha mistari miwili, tuliyoieleza juu, hulishika sharti hili. Walio mbele wakiwa sawa, twamtoa kwanza yule wa mstari wa kwanza, basi. Lakini si njia zote zinazolishika. Bwana Tony Hoare, Mwingereza, alibuni mwaka 1959 alipokuwa mwanafunzi huko Moscow njia yenye mbio sana, akaitangaza mwaka 1961. Imetumika duniani kote. Lakini kwa kawaida yake, njia hiyo hurusha kadi huku na huku, na wanaolingana huweza kubadilishana mahali. Kwa hiyo kijana anayetaka kupanga kwa jina kwanza, halafu kwa alama, akitumaini kwamba wenye alama sawa watabaki katika mpango wa majina, imempasa ajue mashine yake yatumia njia gani. Katika lugha ya programu iitwayo Python hutumika njia iliyotokana na ile aliyoiandika Bwana Tim Peters mwaka 2002, nayo haivurugi. Katika lugha ya Java, tangu mwaka 2014 mwandishi aweza kuandika kanuni yake kama tunavyosema sisi: "Linganisha kwa alama, kisha kwa mwaka, kisha kwa jina."

MITEGO MINNE

Sasa tuseme juu ya makosa, maana kazi hii ina mitego, na mitego yake huumiza watu wasio na hatia.

Mtego wa kwanza ni kujumlisha sehemu mbili kuwa namba moja. Tuseme ushirika wataka kupanga wakulima kwa usafi wa kahawa kwanza, alama 3 zikiwa bora, kisha kwa kilo. Karani mwenye haraka asema: "Nitazidisha usafi kwa 1,000, nijumlishe kilo, nipate namba moja ya kupangia." Mkulima mwenye usafi 3 na kilo 150 apata 3,150. Mwenye usafi 2 na kilo 1,200 apata 3,200. Ajabu! Mwenye kahawa hafifu amempita mwenye kahawa safi, ijapokuwa kanuni ilisema usafi utazamwe kwanza. Kila sehemu ikae peke yake, ilinganishwe kwa zamu yake.

Mtego wa pili ni namba zilizoandikwa kama maneno. Kompyuta ikidhani kwamba ni maneno, huzipanga herufi kwa herufi, kama kamusi. Ndipo 10 hutangulia 2, na 100 hutangulia 9, kwa kuwa 1 hutangulia 2 na 9. Tarehe nazo hudanganya hivyo hivyo. Ukiandika 03/12/2015 na 20/06/2013 kama maneno, ile ya 2015 itakaa mbele kwa sababu ya 03 yake. Ndiyo maana kanuni ya mataifa iliyotolewa mwaka 1988 huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2013-06-20. Hapo hata ikipangwa kama neno, hukaa mahali pake. Jina nalo liandikwe kwa namna moja. Katika hesabu ya ndani ya kompyuta, herufi kubwa Z ina namba 90, na herufi ndogo a ina namba 97. Kwa hiyo "Zuberi" aweza kumtangulia "anna" aliyeandikwa kwa herufi ndogo, mwandishi asipoangalia.

Mtego wa tatu ni nafasi iliyoachwa wazi. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Karani akiacha mwaka wa mzee wazi, mashine nyingine yaweza kuuhesabu kuwa 0, na mzee yule ahesabiwe kuwa na miaka zaidi ya 2,000, akae mbele ya wote! Au mashine nyingine imtupe mwisho kabisa, hata kama ndiye mkongwe wa kijiji. Mashine haikumwonea. Hakuna aliyeiambia la kufanya. Basi kanuni iseme wazi: asiye na mwaka akae wapi, na nani amwulize habari zake.

Mtego wa nne ni kanuni inayozunguka. Tuseme mtu mwema asema: "Mtoto mdogo atangulie kwa umri. Lakini tofauti ikiwa miaka 2 au chini yake, si kitu. Tuwahesabu kuwa sawa, tufuate jina." Maneno mazuri. Sasa leteni Zakaria wa miaka 10, Maria wa miaka 12 na Anna wa miaka 14. Maria na Zakaria ni sawa, basi kwa jina Maria atangulia. Anna na Maria ni sawa, basi kwa jina Anna atangulia. Lakini Zakaria na Anna wanatofautiana miaka 4, basi Zakaria mdogo atangulia. Oneni sasa: Anna mbele ya Maria, Maria mbele ya Zakaria, na Zakaria mbele ya Anna! Hakuna wa kwanza. Kompyuta ikipewa kanuni ya namna hiyo, itatoa orodha isiyo na maana, na kesho ukiipa watoto hao kwa zamu nyingine, itatoa orodha nyingine. Dawa yake ni kuweka makundi ya umri yaliyo imara, miaka 10 hata 12 kundi moja, 13 hata 15 kundi la pili, kisha kufuata jina ndani ya kila kundi.

WALIOSHANGILIA BURE

Msidhani kwamba haya ni mambo madogo. Nchi nzima imewahi kuumia kwa kutojua sehemu ya pili ya kanuni.

Tarehe 8 Oktoba 2011, timu ya mpira ya Afrika ya Kusini ilicheza na Sierra Leone mjini Nelspruit. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi lao, kutafuta nafasi katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2012. Mechi ikaisha sare, 0 kwa 0. Siku hiyo hiyo Niger ilifungwa na Misri magoli 3 kwa 0. Basi timu tatu zikawa na pointi 9 kila moja: Afrika ya Kusini, Niger na Sierra Leone.

Kwa hesabu ya magoli ya kundi zima, Afrika ya Kusini ilikuwa mbele: ilifunga 4, ikafungwa 2. Sierra Leone ilifunga 5, ikafungwa 5. Niger ilifunga 6, ikafungwa 8. Wachezaji wa Afrika ya Kusini wakashangilia uwanjani, wakizunguka mbele ya watu wao kama washindi.

Lakini sehemu ya pili ya kanuni haikuwa tofauti ya magoli ya kundi zima. Kanuni ilisema: timu zikilingana pointi, zitazamwe kwanza mechi walizocheza wao kwa wao. Katika mechi hizo Niger ilipata pointi 6, na wale wawili pointi 5 kila mmoja. Basi aliyekwenda mashindanoni alikuwa Niger, na Afrika ya Kusini ikabaki nyumbani. Jambo chungu zaidi ni hili: timu inayodhani kwamba sare yatosha hucheza kutafuta sare. Kama wangalijua kanuni, wangalitafuta goli.

Na mara nyingine sehemu mbili au tatu hazitoshi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, Japani na Senegal zililingana pointi 4. Zililingana tofauti ya magoli. Zililingana magoli ya kufunga, 4 kwa 4. Wao kwa wao walikuwa wametoka sare, 2 kwa 2. Ikabidi kutazama kadi za njano: Japani ilikuwa na 4, Senegal 6. Japani ikaendelea, Senegal ikarudi. Na kama hata kadi zingelingana, kanuni ilisema ipigwe kura. Kanuni ile ilikuwa kali, lakini ilikuwa imeandikwa kabla ya mechi ya kwanza, na kila timu iliweza kuisoma.

JINA LIWE LA MWISHO, AU LISIWE?

Jambo moja bado. Waandishi wengi wa programu humaliza kanuni yao kwa jina. Kwa orodha ya kusomwa tu, hilo ni jema, kwa kuwa mtu hulipata jina lake upesi. Lakini kwa orodha ya kugawa kitu, si haki. Kama vyandarua ni 50 na wanaolingana mahitaji ni 60, kanuni ya jina itawapa kina Agnesi na Benedikto kila mara, na kina Yohana na Zakaria watakosa kila mara. Mtu hakujichagulia herufi ya kwanza ya jina lake. Hapo ni afadhali kura ipigwe mbele ya watu, na namba ya kura iandikwe katika kadi kama sehemu ya mwisho.

Basi, ikiwa kijiji chenu, au ushirika wenu, au kamati ya shule yataka orodha ipangwe kwa kompyuta, msimwachie kijana wa mashine aamue peke yake. Kaeni pamoja, mwandike kwenye karatasi majibu ya maswali manne. Kwanza, sehemu zipi zitazamwe, na kwa zamu ipi? Pili, katika kila sehemu, kubwa itangulie au ndogo? Tatu, aliyeachwa wazi akae wapi? Nne, wakilingana katika yote, tufanyeje? Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wale ambao majina yao yamo, kabla ya orodha kutoka. Mwenye shauri atoe shauri lake siku ile. Kisha mpeni kijana karatasi, naye aiandike katika lugha ya mashine.

Na siku orodha itakapobandikwa, mtu akiuliza kwa nini yuko wa 51 na si wa 50, asijibiwe tena kwamba ndivyo kompyuta ilivyopanga. Aonyeshwe kanuni, aonyeshwe kadi yake na kadi ya jirani yake, alinganishe mwenyewe sehemu kwa sehemu. Pengine hatafurahi, lakini atajua sababu. Na pengine ataona kosa ambalo wengine hawakuliona, mwaka ulioandikwa vibaya au alama iliyorukwa, na orodha itatengenezwa.

Juma lijalo tutazungumza jinsi kompyuta inavyolitafuta jina moja katika majina 1,000 na kulipata kwa kutazama mara 10 tu. Mtaona kwamba haiwezekani ila orodha iwe imepangwa kwanza. Mpaka hapo, kwaherini.